Mtaa Wamwandikia Bi Sikudhani

Ipo nchi moja, wala si mbali, ambayo tangu ipate uhuru wake haijapiga marufuku kitabu hata kimoja. Ukibisha, nenda ukaulize. Serikali ya nchi hiyo inaona haya kumnyang'anya mtu kitabu mkononi. Kazi hiyo imewaachia wasomaji wenyewe, ambao huiomba Serikali kwa barua, kwa hiari yao, baada ya Serikali kuwakumbusha kwamba wana hiari.

Barua hizo huitwa Barua za Pamoja. Kitabu kikitoka, Wizara ya Mioyo Mitulivu hukusanya nakala zote na kuzisaga ziwe karatasi za mabango ya sikukuu. Mswada huwekwa mahali salama, na mahali hapo ni salama kiasi kwamba hata Wizara haipajui. Nakala moja tu huachwa. Hiyo hupelekwa kwenye mtaa anaoishi mwandishi, kwa kuwa majirani ndio wanaomjua mtu, nao hukaa pamoja wakamwandikia mwenzao kumweleza alipokosea. Akishasomewa barua yake mbele ya watu, mwandishi hupelekwa kwenye Nyumba ya Mapumziko kule mlimani, akapumzike. Waliokwisha kupumzika hurudi wamenenepa, ngozi nyororo, na ukiwauliza jambo lolote wanatabasamu.

Basi zamu ikafika Mtaa wa Chekeni, na mwandishi alikuwa Bi Sikudhani, fundi cherehani.

Hakuna aliyejua kwamba Bi Sikudhani anaandika. Watu walijua anashona sare za shule na kutia zipu mpya kwenye suruali za zamani. Walisikia cherehani yake ikinyamaza mchana, wakadhani amelala.

Katibu wa Umoja wa Wasomaji wa mtaa huo alikuwa binti mmoja, jina lake Asumini. Alikuwa amemaliza chuo cha ualimu na alikuwa akingoja kupangiwa shule. Dukani alisimama pembeni mpaka wahudumiwe wote, hata waliomkuta pale. Walimchagua kwa sababu ya mwandiko wake, na kwa sababu nyingine ambayo mwenyekiti aliitaja siku ya uchaguzi.

"Katibu mzuri," alisema Mzee Ngwali, mwenye bucha, "ni yule ambaye hana maoni. Huyu binti nimemtazama tangu mdogo. Hana kabisa."

Watu wakapiga makofi. Asumini naye akapiga.

Kitabu kililetwa na afisa wa Wizara, Bwana Kolowa, mtu wa tai pana na leso mbili, moja ya jasho na moja ya machozi. Aliwakusanya wanachama kwenye baraza ya bucha, akasafisha koo.

"Ndugu wasomaji! Wizara inawapenda, na kwa kuwa inawapenda inawaonya. Msomaji anayemaliza kitabu si msomaji tena. Ni mateka! Mwandishi keshamwingia kichwani, kavua viatu, kajilaza. Mtu kama huyo atatoa maoni gani? Maoni yatakuwa ya mgeni wake. Kwa hiyo sheria iko wazi. Barua yenye sahihi ya mtu aliyemaliza kitabu ni batili. Inachanwa. Mwandishi anaachwa aende zake, na anayepelekwa Mapumziko ni huyo mateka."

Mama Chausiku, muuza vitumbua, akanyoosha mkono. "Na bomba letu, mheshimiwa?"

Bomba la mtaa lilikuwa limekauka tangu masika ya nyuma. Wanawake walikuwa wakifuata maji ng'ambo ya reli, na Mama Chausiku alikuwa na mgongo mbovu.

"Barua ikikamilika," alisema Bwana Kolowa, "maji yatafunguliwa siku hiyo hiyo. Ikibatilika, mtaa utakuwa umethibitisha kwamba hauna kiu."

Kisha akamkabidhi katibu kitabu, akitunze hadi siku ya mgawo.

*

Asumini alikusudia kukitunza tu. Alikiweka juu ya kabati, akakifunika kitambaa. Jumamosi akakishusha akipanguse vumbi, na vumbi lilikuwa kidogo, kwa hiyo akafungua ndani aone kama huko lipo.

Kwanza ni lazima msomaji aelewe kwamba katika nchi hiyo ukiulizwa habari, jibu ni moja: nzuri. Si desturi, ni kifungu cha sheria. Nyumba yako ikiungua jirani atakuuliza habari za moto, nawe utamjibu nzuri, kisha ndipo atachota maji. Mama yake Asumini alipofariki, watu walipanga mstari mlangoni wakimwuliza habari za msiba, naye akawajibu nzuri, nzuri, nzuri, mpaka neno likamkauka mdomoni kama unga.

Kitabu cha Bi Sikudhani kilikuwa juu ya mwanamke muuza uji. Asubuhi moja mkuu wa wilaya anapita na msafara wake, anashusha kioo na kumwuliza, "Habari za asubuhi, mama?" Mwanamke, kikombe mkononi, anajibu: "Mbaya, baba. Mwanangu ana homa na zahanati imefungwa."

Ni hayo tu. Msafara mzima unakwama. Mkuu wa wilaya hajafundishwa la kusema baada ya hapo. Anatazama kwenye kitabu chake cha hotuba, hamna. Anampigia mkubwa wake, naye hajui. Magari yanashinda barabarani, wenye magari wanakunywa uji wote, na huko nyumbani homa ya mtoto inapanda. Mwishoni mtoto anakufa. Majirani wanaingia mmoja mmoja, wanavua viatu, wanakaa mkekani na yule mwanamke mpaka jua linazama, na hakuna anayemwuliza habari.

Asumini alipofika hapo alijifunika kitambaa cha kabati usoni. Siku ile ya msiba, mstari ulipokwisha, Bi Sikudhani alikuwa ameingia kwa mlango wa uani, akaketi naye sakafuni na kumshika kifundo cha mguu, bila kuuliza neno. Kumbe alikuwa akienda nyumbani anaandika.

Baadaye, alipokuwa akikirudisha kitabu juu ya kabati, ndipo alipong'amua kwamba amekimaliza.

*

Mgawo ulifanyika bucha. Kwa vile kitabu kilikuwa kimoja na wanachama ni wengi, na kwa vile Mzee Ngwali hakuwahi kugawa kitu chochote maishani mwake kwa njia nyingine, alikining'iniza kitabu kwenye ndoano, akakikata kwa kisu cha mifupa, akavipima vipande kwenye mizani.

"Mimi mwenyekiti nachukua kichwa," alisema. "Mama Chausiku, wewe kidari. Fikirini, njoo uchukue mkia."

Fikirini, kinyozi, alipokea kurasa zake akazigeuza geuza. "Mzee, mbona umenipa mifupa mitupu? Tazama mapengo haya."

"Hayo ni mazungumzo. Ndivyo yanavyoandikwa."

"Basi niongezee kipande cha steki."

Akaongezewa maelezo ya mazingira. Kila mtu aliridhika. Mzee Ngwali akaifuta meza, akalinyanyua jalada la kijani lililobaki.

"Na ngozi ni ya katibu."

Wiki iliyofuata walikutana kutoa maoni. Asumini alikuwa na kalamu na karatasi ndefu, na kichwa amekiinamisha.

"Kitabu hiki hakina mwisho," alianza Mzee Ngwali. "Nimesoma kipande changu kwa makini. Mwanamke kaulizwa habari, kajibu ujinga, basi! Kaachwa pale pale na kikombe. Huyu mwandishi ni mvivu."

"Changu mimi ni mtoto anaumwa," alisema Mama Chausiku. "Anaumwa kurasa zote, haponi wala hafi. Nimezunguka kuuza vitumbua roho inaniuma. Na hao wenye magari ni akina nani? Wametoka wapi? Hawakutambulishwa."

"Wametambulishwa," alisema Asumini.

"Umesemaje, mwanangu?"

Wote wakamgeukia. Asumini akahisi masikio yake yakipata moto. "Nimeuliza kama nitie nukta hapo."

"Tia. Fikirini, kipande chako?"

Fikirini akajikuna kidevu. "Mimi sikupata nafasi ya kukisoma chote. Kusema kweli sikukisoma. Lakini karatasi yake inafuta povu la kunyolea vizuri mno, haiachi nyuzi. Hilo liandikwe kama sifa, ili barua isiwe chungu tupu."

"Na kasoro?"

"Kiliisha mapema. Nilikuwa na kichwa kimoja bado nusu."

Yote yakaandikwa. Barua ya Pamoja lazima iwe na kauli moja, kwa hiyo maoni yote yaliunganishwa kuwa kauli moja: kwamba kitabu hakina mwisho, tena kinaisha mapema, kwamba watu wake hawatambulishwi, na waliotambulishwa wanaachwa njiani, kwamba mwandishi hana huruma kwa mtoto, wala hana nidhamu kwa mkubwa. Kwa hiyo wasomaji, kwa moyo mweupe, wanamwombea mwenzao mapumziko marefu.

Walipomaliza kutia sahihi, Mama Chausiku alimletea Asumini karatasi mwenyewe, mkono mmoja umeshika kiuno. "Bado wewe tu, mwanangu. Leo nimekwenda ng'ambo ya reli mara mbili. Nikifika huko sijui kama ni mimi au ni mzoga."

Asumini akatia sahihi. Alifanya hivyo haraka, kama mtu anayejichoma sindano, na usingizi ukamwacha kuanzia hapo. Kila alipofumba macho aliona barua ile imechanwa na bomba limekauka, au imetiwa muhuri na cherehani imefunikwa.

*

Siku ya kusoma barua, turubai lilifungwa mbele ya bomba. Bwana Kolowa aliketi kwenye kiti cha mto. Nyuma yake liliegeshwa gari la Wizara, milango wazi, na ndani mlikuwa na shuka safi zimekunjwa vizuri.

Bi Sikudhani alisimama katikati ya uwanja. Alikuwa amevaa gauni alilojishonea, na miguuni pake palikuwa na mkoba mdogo. Mwandishi hukaribishwa kujibu maneno mawili tu kila aya inapokwisha.

"Wasomaji tunaona kwamba mwandishi ni mvivu," alisoma Asumini.

"Sauti, katibu!" alisema Bwana Kolowa.

"Ni mvivu."

"Nashukuru sana," alisema Bi Sikudhani.

"Tunaona kwamba hana huruma."

"Nashukuru sana."

Alisema kwa upole, kama anapompokea mteja aliyeleta shati lenye doa. Asumini aliendelea mpaka sifa ya karatasi na povu, ambapo Fikirini aliinua mkono kujitambulisha. Ikabaki aya ya mwisho. Asumini aliitazama. Herufi zilikuwa zake mwenyewe, zimenyooka vizuri, hata moja haikuvuka mstari.

"Kwa hiyo sisi sote kwa kauli moja…"

Akaishusha karatasi.

"Malizia, katibu," alisema Bwana Kolowa. "Gari linatumia mafuta."

"Barua hii ni batili."

"Sauti!"

"Mimi nimekisoma chote." Na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, Asumini alisikika mpaka upande wa pili wa uwanja.

Mzee Ngwali alisimama, akaketi, akasimama tena. Mama Chausiku akaziangalia ndoo zake alizokuja nazo, akasema taratibu, "Asumini. Mwanangu. Kweli?"

Hilo lilimchoma kuliko gari. Asumini hakuweza kumtazama.

Bwana Kolowa alitoa leso ya jasho. "Utulivu! Mtu hawi mateka kwa kujitangaza. Kuna vijana wanatafuta umaarufu. Mateka lazima apimwe. Haya, binti. Kitabu kinaishaje?"

Asumini akaeleza. Alieleza mtoto alivyokufa, na viatu vilivyopangwa mlangoni, na mkeka, na jua lililozama bila mtu kumwuliza yule mwanamke habari. Hakuruka kitu. Alipomaliza, Mama Chausiku alikuwa ameshika shavu.

"Aliyepewa mkia ni nani?" aliuliza Bwana Kolowa. "Athibitishe."

"Mheshimiwa, mkia umekwisha kufutia wembe," alisema Fikirini. "Labda uwaulize vichwa."

"Basi yuko mwenyewe. Mwandishi! Ndivyo kinavyoisha?"

Bi Sikudhani alimtazama Asumini. Alimtazama kama anavyomtazama mtu anayetaka kumpima, toka bega hadi bega. Kisha akatazama lile gari na shuka zake.

"Sivyo," alisema.

"Bi Sikudhani!" Asumini aliita.

"Huyu binti hajasoma kitu, mheshimiwa. Kapewa jalada, akaota mengine. Ni mpweke, amefiwa na mama yake, usimtie maanani. Mwisho wangu mimi…" Akasita. "Mwisho wangu, mtoto anapona."

"Anapona!"

"Anapona. Mkuu wa wilaya anashuka garini, anambeba mtoto mwenyewe mpaka zahanati." Sasa maneno yalimjia kwa kasi, kama cherehani iliyokwisha kushika uzi. "Anaifungua kwa mkono wake. Kumbe ilikuwa imefungwa ili ipakwe rangi, wamshtukize mama huyo kwa furaha. Na yule mwanamke anapiga magoti, anaomba radhi mbele ya wananchi. Akiulizwa tena habari, anasema ni nzuri kuliko zote alizowahi kuwa nazo. Wananchi wanacheza mpaka asubuhi."

Bwana Kolowa alikuwa ameirudisha leso ya jasho na kutoa ile nyingine.

"Na haya yamo kitabuni?"

"Yamo."

"Mbona Wizara haikuniambia?"

"Labda Wizara nayo haikukimaliza."

"Bila shaka haikukimaliza!" alifoka Bwana Kolowa huku akijifuta macho. "Wizara inafuata sheria!"

*

Mambo yalikwenda mbio baada ya hapo. Barua ilichanwa papo hapo kwa kukosa shukrani, na Asumini akaamriwa aandike nyingine ya pongezi, wakaitia sahihi wale wale. Kwamba sasa wote walikuwa wameusikia mwisho hilo halikumsumbua mtu, kwa sababu sheria inasema kusoma, haisemi kusikia. Asumini alikemewa hadharani kwa kujisingizia kuwa amesoma, kosa ambalo adhabu yake bado haijatungwa, akaambiwa arudi nyumbani. Bomba lilifunguliwa. Lilikohoa, likatema kutu, kisha maji yakatoka, na Mama Chausiku akajaza ndoo zake akicheka na kulia. Mtu yeyote aliyekuwepo angesema siku ile ilikuwa nzuri.

Kitabu kikachapishwa upya. Kwa kuwa mswada ulikuwa mahali salama, Bi Sikudhani aliagizwa aandike sura ya mwisho upya kama alivyoisema uwanjani, na baadaye aandike na zilizotangulia ili zifanane nayo. Akaanza kuitwa mashuleni. Watoto waliovaa sare alizowashonea walipangwa mistari, naye akawasomea namna mtoto alivyopona. Akaitwa wilayani, akaitwa mikoani. Wizara ikampa cherehani ya umeme.

Asumini hakupata ujasiri wa kumfuata. Kila alipopita mbele ya ule mlango alipanga maneno, na kila mara palikuwa na wageni, au palikuwa na gari. Alibaki na mwisho ule wa mkekani kichwani, akiurudia polepole anapofua na anapopepeta mchele, akiogopa usije ukapungua neno. Alijua kwamba nchi nzima hakuna mwingine aliyebaki nao, isipokuwa mwenyewe aliyeutunga.

Kiangazi kilipokwisha alimkuta peke yake, akitia pindo.

"Shikamoo, Bi Sikudhani."

"Marahaba, mwanangu. Kaa, kaa. Unataka nikupime?"

Asumini akaketi sakafuni, karibu na miguu yake. "Nimekuja kuomba radhi. Nilitaka nikuokoe wewe, ukaniokoa mimi. Kitabu chako ndicho kilichopotea."

"Kimepotea wapi? Kipo kila shule." Bi Sikudhani alitabasamu huku akiukata uzi kwa meno. "Leo tu nimekisoma mara tatu."

"Nasema ule mwisho mwingine. Nimeushika wote. Ukitaka nitakuwa nakuja kukwambia, ili tuwe wawili."

"Mwisho gani?"

Asumini alifikiri mwenyeji wake anaogopa kusikiwa. Akachungulia nje, hapakuwa na mtu. Basi akaanza, kwa ile sauti yake ndogo. Akasimulia homa ilivyopanda huku msafara ukinywa uji. Akasimulia mtoto alivyokata roho, majirani walivyovua viatu, walivyokaa. Cherehani ilikuwa imesimama. Bi Sikudhani alisikiliza mpaka mwisho, mkono kifuani, na macho yake yakajaa machozi ya kweli.

"Masikini," alisema. "Ina maana mtoto hakupona? Nani kaandika jambo la kuhuzunisha namna hiyo?"

Asumini alimtafuta usoni. Alitafuta kope, pembe za mdomo, mahali popote ambapo mtu huweka siri. Uso ulikuwa mpole, wa mtu mwenye moyo mweupe, unamngoja ajibu.

"Ni jirani yangu mmoja," alisema.

Bi Sikudhani alitikisa kichwa, akakanyaga mashine. "Ukimwona," alisema, "mpe pole sana."